Mwalimu Aliyewapa Wanawake Mgongo

Ilianza Jumanne ya kwanza baada ya likizo ya Pasaka, saa nane na dakika kumi mchana, kidato cha tatu B, shuleni kwetu Ilomba. Saa naikumbuka kwa sababu kipindi kilikuwa kianze saa nane kamili, na Mwalimu wa Fizikia huchelewa dakika kumi hata kwenye mambo yake mwenyewe. Inasemekana alichelewa dakika kumi kwenye harusi ya mdogo wake, na pete alikuwa nazo yeye.

Aliingia na rimoti ya televisheni mkono mmoja, na mkono wa pili bakuli lililofunikwa kwa sahani. Akasema, "Kamwene," kama wanavyosalimiana kwao Iringa. Tukajibu "Kamwene" kwa kumbeza kidogo, maana darasa letu ni Wanyakyusa na Wasafwa, na hatukuona kwa nini tusalimiwe Kihehe halafu tufundishwe kwa Kiingereza.

"Nani ana simu?"

Simu shuleni ni marufuku.

"Nimeuliza kama Mhehe. Sijauliza kama mwalimu wa nidhamu."

Simu zikaanza kutoka kwenye soksi na chini ya madawati. Akachukua moja, akawasha kamera ya mbele, akaielekezea rimoti na kubonyeza. Kwa macho yetu rimoti haikufanya kitu. Kwenye simu, ncha ya rimoti iliwaka mwanga wa zambarau iliyopauka, ukizimika na kuwaka.

"Mwanga huu upo," alisema. "Macho yenu ndiyo hayapo."

Kisha akazikusanya simu zote akazipeleka kwa mwalimu wa nidhamu. Kesho yake alikwenda yeye mwenyewe kuziombea msamaha, akasema zilikuwa vifaa vya kufundishia. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimchukia asubuhi, jioni unakuta umebaki na chuki isiyo na kazi.

Siku ile alifunua bakuli. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kimeganda, kinatikisika. Akatutazama dawati kwa dawati mpaka akafika kwangu.

"Wewe usiyeongea. Njoo ushike bakuli. Wanaoongea wanatikisa."

Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya darasa tangu darasa la pili, niliposahau shairi. Nilisimama nimeshika bakuli, sikutikisa, na tangu siku hiyo nikawa mshika bakuli wake. Atupele, ninayekaa naye dawati moja, aliniita Daktari wa Supu mpaka tukaingia kidato cha nne.

Naandika habari zake sasa kwa sababu amehamishwa kurudi Iringa, na mtu akihama huanza kusifiwa. Nataka kumwandika kabla hajasifiwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijani lililotiwa viraka vya bluu kwenye viwiko. Chaki aliitumia mpaka ikabaki anaandika kwa kucha. Kila likizo alikwenda kwao Iringa na gunia la viazi vya Mbeya, na kila likizo ikiisha alirudi na gunia la viazi vya Iringa. Tulipomuuliza tofauti yake ni nini, alisema hakuna, ila mtu haendi kwa mama yake mikono mitupu na hatoki kwa mama yake mikono mitupu.

Alifundisha umeme na aliogopa radi. Mbeya radi si ya kubahatisha. Mvua za Januari zikianza, darasa linatikisika. Radi ikipiga yeye alikuwa wa kwanza kuingia chini ya meza. Siku moja Atupele akamcheka.

"Mwalimu, si ulisema unaijua radi?"

"Ninaijua," alijibu kutoka chini. "Ndiyo maana niko huku. Wewe usiyeijua baki hapo hapo dirishani."

Kwenye mitihani yake, ukiandika "sijui" alikupa robo alama. Ukiandika uongo kwa kujiamini alikupa sifuri, akaupigia mstari. Muhula mmoja darasa zima tulikubaliana kuandika "sijui" kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Alisahihisha karatasi zote, akampa kila mmoja robo zake kama alivyoahidi, akamwita mkuu wa shule aje asikie matokeo. "Mkuu, hili ni darasa la watu wakweli," alisema. "Hakuna aliyefaulu."

Hakupenda kusikia mtu anasema ameona. "Usiseme umeona. Sema kimeonekana. Wewe nani mpaka uone?" Na alikuwa na neno lake jingine ambalo tulilikariri kuliko kanuni za Newton: "Kivuli si ugonjwa. Kivuli ni swali."

Neno hilo lilitokana na kurunzi. Tuliiita kurunzi kwa sababu yeye alikataa isiitwe mashine. Alisema mashine ni ile ya kusaga mahindi, ukiweka kitu kinatoka kingine. Hii inamulika tu. Ilikuwa kopo la mafuta ya kujipaka, limepakwa rangi nyeusi ndani, mdomoni limepangwa taa ndogo ndogo za aina ile ya rimoti, na katikati yake kamera ya kompyuta iliyokufa. Ile kamera aliitoa kioo chembamba kinachozuia mwanga huo, akakibandua kwa wembe, akaharibu kamera kadhaa kabla ya kufaulu. Waya ulipita kwenye soksi nyeusi ukaenda kwenye kompyuta ya maabara. Soksi ilikuwa yake. Kwa muda mrefu alikuja shule na soksi moja nyeusi na moja ya kijivu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Alitueleza hivi. Ukifunika tochi kwa kiganja usiku, unaona wekundu, maana yake mwanga umepita kwenye nyama. Mwanga wa rimoti hupita zaidi ya huo. Lakini damu huunywa. Uvimbe mbaya ukianza kukua mwilini hujivutia mishipa ya damu, kwa hiyo pale mwanga hupungua, na kwenye kompyuta panaonekana giza. "Basi," alisema. "Kilichobaki ni kulehemu na uvumilivu." Huko kwingine wana vyombo vikubwa vya kazi hii, alisema, vizuri sana, na kimoja bei yake ni ya shule yetu pamoja na sisi tuliomo. Yeye alitaka kitu ambacho zahanati ikikiangusha hakuna anayelia.

Cha kujifunzia tulitumia makongoro. Alichemsha miguu ya ng'ombe usiku kucha, akachanganya ile supu na maziwa, akaimimina kwenye bakuli na kuiacha dirishani. Kwa baridi ya Juni ya huku kwetu, asubuhi imeganda kama jiwe laini. Ndani yake alificha kipande cha ini. Kazi yetu ilikuwa kutafuta ini limejificha wapi, na anayefuata analificha mahali pengine.

Mpishi wa shule alikuja maabara amejifunga khanga kiunoni.

"Mwalimu, maziwa ya chai ya walimu yako wapi?"

"Yako kwenye titi."

"Titi la nani?"

"La makongoro, mama."

Mpishi alitutazama sisi wasichana mmoja mmoja, akaondoka. Majaribio yakiisha tuliyachemsha tena tukanywa. Atupele alidai ini lililoonwa na mwanga huwa tamu zaidi.

Mimi nilikuwa naliona ini haraka kuliko wote. Samahani, lilikuwa linanionekania. Sijui kwa nini. Labda mtu asiyeongea hutazama muda mrefu. Mwalimu hakunisifu hata siku moja, ila alianza kulificha ini kwa ajili yangu, dogo zaidi, chini zaidi, na nikilipata anasema "Hm" na kusafisha miwani. Niliishi kwa ajili ya ile "Hm."

Kuhusu mgongo. Alituambia tangu mwanzo kwamba siku kurunzi ikitumika kwa watu, mwanamke ataishika mwenyewe, ataiingiza mwenyewe chini ya kitenge chake, na yeye atakaa amempa mgongo, macho kwenye kompyuta. Hataona ngozi ya mtu. Wavulana walicheka. Yeye hakucheka. Atupele akauliza, "Sasa Mwalimu, daktari gani hamtazami mgonjwa?"

"Mimi si daktari. Na wewe siku yako ikifika utashukuru kuna mtu aliyetazama ukuta."

Sababu yake niliijua Iringa. Tulikwenda na kurunzi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule. Waamuzi walikaa mezani kwetu, mmoja akauliza kwa nini tusumbuke na kopo wakati hospitali zina vipimo vizuri. Mwalimu akasema, "Hospitali ipo, mheshimiwa, na kipimo kipo. Mtu ndiye hayupo." Hatukushinda. Waliwapa ushindi watoto waliotengeneza jiko.

Baada ya hapo alitupeleka kwao kula. Mama yake ni bibi mdogo wa mwili, mwenye rozari shingoni, alitupa ugali na likungu, wale kumbikumbi wa kukaanga, akatusimamia mpaka tumalize. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye kilemba, anacheka na mkono uko mdomoni. Atupele, ambaye hana breki, akauliza ni nani.

"Dada yake huyu," bibi alisema, akamwonyesha Mwalimu kwa kidole. "Alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Alijua. Akasema nitavuaje nguo mbele ya kijana niliyemfundisha katekisimu? Maana daktari alikuwa wa hapa hapa. Nilimwambia nenda, mwanangu. Akawa anasema, mama, hakuna kitu, najua mwenyewe. Alisema hivyo mpaka tukamzika."

Mwalimu alikuwa anatafuna. Akameza, akasema, "Mama, chumvi iko wapi," na chumvi ilikuwa mbele yake.

Nifike sasa kwa mama yangu.

Mama yangu ni mwenyekiti wa kwaya ya kina mama kanisani kwetu. Baba ni mzee wa kanisa, lakini ukitaka kujua mambo yanaamuliwa wapi, muulize mama. Anaimba sauti ya kwanza na anafundisha zote. Kwenye semina za kina mama ndiye anayefundisha habari za hirizi, waganga na chale, na kina mama wamewahi kutoka pale wakilia na kwenda kutubu.

Mkuu wa shule alikubali kurunzi ijaribiwe kwa watu baada ya miezi ya kubembelezwa, kwa masharti. Ifanyike zahanati, si shuleni. Asiambiwe mtu kwamba ni mgonjwa wala kwamba ni mzima. Na kila aliyepimwa, mwenye kivuli na asiye na kivuli, apite chumba cha pili kwa Nesi, amkague kwa mikono kama kawaida, ndipo aende nyumbani. Walioitikia kwanza ni kwaya ya mama, kwa sababu mama aliwaambia waitikie.

Walicheka sana asubuhi ile. Walipokezana kopo na kuliuliza limeoa au halijaoa. Mwalimu alikaa kwenye kigoda amewapa mgongo, shingo imekakamaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na mimi pembeni yake nikitazama kompyuta. Mama mmoja akamwambia, "Mwalimu, geuka basi hata tukusalimie," naye akausalimia ukuta.

Mama alikuwa wa mwisho. Nilimsikia nyuma yetu akijifunga vizuri kitenge. Kwenye kompyuta upande wa kulia ulikuwa mweupe tu, kama bakuli lisilo na ini. Akahamisha kopo kushoto, na juu kidogo likatokea doa jeusi. Si kijivu kama mishipa. Jeusi kama tundu.

Mwalimu hakusema "Hm." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Umeona nini, Mwalimu?" mama akauliza.

Wale wengine wote waliokuwa na kijivu kijivu aliwaambia kivuli ni swali. Kwa mama alisema, "Mama Sekela, Jumatatu nenda hospitali ya rufaa. Nakuomba."

Sekela ni mimi.

Mama alirudisha kopo mezani taratibu, akasema, "Hakuna kitu hapo. Najua mwenyewe." Akachukua mkoba wake, na chumba cha pili hakuingia. Nilimkimbilia nje. Aliniambia yule Nesi ni binti anayemfundisha sauti ya pili, wiki nzima anamkemea, leo amshike kifua? Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani akiimba.

Niliijua sentensi ile. Nilikuwa nimeisikia Iringa, nikiwa na ugali mdomoni. Na Mwalimu aliijua.

Mama hakwenda hospitali Jumatatu ile, wala nyingine. Mwalimu alianza kuja kwetu Jumapili mchana na viazi. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kochi, viazi vimekaa katikati ya miguu yake, anaongea na baba habari za mvua na mbolea. Akisimama kuondoka ndipo anasema, akitazama mlango, "Mama Sekela, lile jambo." Mama anashukuru kwa Kinyakyusa, "Mwalimu, ndaga kwa viazi." Basi. Tulikula viazi vya kila namna. Baba akadhani anataka kunichumbia, akaanza kumnunia.

Mimi nililia bafuni, huko hakuna anayeuliza. Usiku nilikuwa nasikiliza kama mama anapumua. Nilitaka kumwambia, lakini mama ni mtu ambaye hata wachungaji humwambia jambo kwa kuzunguka. Nami sijawahi kumwambia hata kwamba sipendi sare za kwaya za rangi ya machungwa.

Kurunzi Mwalimu aliifungia kabatini. Nilimuuliza kwa nini, na hilo ni swali mojawapo kati ya machache niliyowahi kumuuliza. Akasema, "Chombo kinachomwonyesha mtu giza halafu kinamwacha pale pale alipo, kina faida gani? Hata tundu la choo lina giza." Nilicheka, halafu nikaona hakuwa anatania.

Zilikuja sare mpya, za machungwa. Mama alizijaribia chumbani akaniita nimfunge zipu, ikakwama, akaivua kwa hasira kuanza upya. Ndipo nikaona. Juu ya ziwa la kushoto, mistari miwili midogo, mifupi, imelala sambamba, myeusi kuliko ngozi.

"Umeona nini?" mama aliuliza, kwa sauti ile ile aliyomuuliza Mwalimu.

"Chale."

"Hujaona."

Akaivaa tena, nikafunga zipu. Alikaa kitandani na lile gauni, akatazama mikono yake.

"Nilikuwa mtoto, Rungwe huko. Kifua kilikuwa kinanibana mpaka nageuka rangi. Bibi yako hakuwa mpagani, Sekela. Alikuwa na mtoto asiyepumua. Wakanichanja, wakanisugulia dawa nyeusi." Akanyoosha pindo la gauni. "Sasa nikamvulie nani nguo? Nesi yule? Kesho kwaya nzima inajua. Mimi ninayewaambia wenzangu watubu."

Kwa hiyo alikuwa anajua tangu zahanati kwamba doa ni chale. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi mpaka jioni. Halafu nikakumbuka bakuli. Siku moja Mwalimu aliangushia punje ya mkaa juu ya supu kwa bahati mbaya, na siku hiyo ini nililikosa. Lilikuwa chini ya ule mkaa.

Jumapili iliyopita mama alinituma Mbalizi kwa shangazi kuchukua maharage. Mwalimu alikuwa amepanga huko, na barua ya uhamisho ilishakuja. Nilimkuta mbele ya nyumba amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, vyombo vimemzunguka, anasubiri gari la mizigo la kwenda Iringa. Amevaa sweta lile lile. Barabara ya Tunduma ilikuwa inapitisha malori mbele yake na yeye anayatazama kama anayasahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Yeye huuliza hivyo siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kusema hajambo, nipite. Badala yake nikasema yote kwa pumzi moja, nikitazama sufuria lake: kwamba doa ni chale, kwamba mama anajua, kwamba ni mwenyekiti, kwamba nimeahidi sijaona.

Hakushtuka. Aliuliza, "Walisugua nini?"

"Dawa nyeusi."

"Masizi," alisema, na uso wake ukafunguka. Nakiri alifurahi kwanza. Alifurahi kama mtu aliyepata jibu la mtihani akiwa ameshatoka chumbani. "Masizi! Yanakunywa kila mwanga, huu na ule. Bila shaka jeusi. Bila shaka kama tundu." Halafu furaha ikashuka yenyewe. Alianza kukunja mkono wa sweta, kiraka cha bluu kikapanda, na chini ya kiwiko nikaona mistari miwili, sambamba.

"Nilikuwa naanguka kifafa nikiwa mdogo," alisema. "Dada naye alikuwa nazo, mgongoni. Kijiji chetu kizima, Wakatoliki, Walutheri, ukimvua mtu utazikuta. Nimepima makongoro. Nimepima parachichi. Nimepima mafuta ya nguruwe kutoka kwa bucha wa hapa. Mkono wangu sikuwahi kuupima."

Lori likapita. Alisubiri lipite.

"Na kama ningemtazama ningeziona," alisema. "Lakini nilikuwa nimempa mgongo."

Akakunjua mkono wa sweta, akaukunja tena.

"Sikiliza, mwanangu." Hakuwahi kuniita hivyo. "Kile kivuli nimekifuta. Mwambie hivyo. Nilimwogopesha bure, namwomba radhi. Lakini nyuma ya masizi sijui kuna nini. Labda hakuna. Kurunzi haikufika huko. Maana yake mama yako bado hajapimwa. Yeye anadhani amepimwa akapona. Hajapimwa."

"Hatanisikia."

"Mwambie na za kwangu."

"Hizi za mkononi?"

"Za mkononi na ya tumboni."

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama sufuria.

"Ya tumboni mwambie ipo, asiulize zaidi," alisema. Gari lake likafika, nikamsaidia kushika ncha ya godoro. Kuagana hakujui. Alipanda mbele, akafunga mlango, akafungua kioo, akaniambia nisisahau maharage.

Jioni mama alikuwa uani na ungo, anachagua mawe kwenye mchele wa Chimala. Nikakaa mbele yake. Nikamwambia nimekutana na Mwalimu na nimemwambia.

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Nikajua napigwa, au jambo baya zaidi, sipigwi.

"Na yeye anazo," nikasema haraka. "Mkononi."

"Nani anazo?"

"Mwalimu."

"Yule Mhehe? Wa Fizikia? Mwenye makompyuta?"

"Na ya tumboni. Amesema usiulize zaidi."

Mama alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Halafu sauti ikatoka, akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ya tumboni! Jamani. Mtu anatuletea viazi mwaka mzima, kumbe na yeye kachanjwa kama kibuyu." Alicheka mpaka baba akachungulia dirishani, akaambiwa arudi ndani.

Alipomaliza kucheka aliuchukua ungo akaendelea kuchagua. Baada ya muda akauliza, "Alipojua, aliuliza ni mganga gani?"

"Hakuuliza. Aliuliza walisugua nini."

"Hm."

"Amesema kile kivuli amekifuta na anaomba radhi. Ila amesema nyuma ya chale hakuona. Amesema bado hujapimwa."

Mama aliokota jiwe, akalitazama, akalitupa. Alipika ule mchele na tukala.

Leo asubuhi niliamka nikavaa sare za shule. Mama alikuwa mlangoni na kitenge chake cha bluu na mkoba wa kanisani. Akaniambia, "Vua hizo, vaa nguo za kawaida. Unanisindikiza." Hatukwenda kwa Nesi. Tulikwenda rufaa, kwa watu wasioimba na sisi. Tulikaa kwenye benchi mpaka wakaita jina lake, tukaingia wote. Daktari alikuwa kijana, ametazama karatasi, akauliza tatizo ni nini. Mama alitazama dirisha. Nikasubiri. Daktari akainua macho.

Nikasema, "Ana chale juu ya ziwa la kushoto. Hizo ni za utotoni. Tunaomba uangalie nyuma ya chale hizo, na upande wa pili pia."

Nilisema kwa sauti mpaka mgonjwa wa mlangoni akageuka. Mama hakunikemea. Daktari alivuta pazia, nikaingia na mama ndani ya pazia, nikamshikia kitenge.